Chungu Kilichosahau

Mdogo wangu Lascelles alianza kupika uzeeni, baada ya kufiwa na mkewe. Nina haki ya kusema juu ya mapishi yake kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiyala. Kila Jumamosi nilishuka kilima na magoti yangu haya mabovu, nikaketi kwenye benchi la jiko lake la nje, nikapewa sahani. Yeye alisimama mbele yangu, mwiko mkononi, akinikodolea macho mpaka nimeze.

"Ndiyo yenyewe, dada?"

"Siyo."

Basi aligeuka na kuanza kuniuliza amekosea wapi. Pilipili imezidi? Nazi ilikuwa changa? Moto ulikuwa mkali? Nilimjibu kwamba sijui, nikaendelea kula, maana chakula chenyewe hakikuwa cha kutupwa. Kilikuwa bubu tu. Lakini hapo kwenye "sijui" ndipo nilipokuwa nikimdanganya, maana nilijua vizuri sana.

Alichokuwa akikitafuta ni randauni ya Ionie, marehemu mkewe. Huku kwetu Portland, Jamaika, randauni ni vibua vya chumvi vilivyopikwa ndani ya tui zito mpaka tui likatike, mafuta yapande juu, na chini pabaki rojo la rangi ya dhahabu. Kwingine tui likikatika mpishi hutukanwa. Kwetu likikatika ndipo tunaposogeza viti. Tunaila kwa ndizi mbichi za kuchemsha au shelisheli la kuchoma, na ukimpa mtu wa hapa randauni isiyo na samaki atakuuliza samaki amekwenda wapi. Ionie aliipika bila samaki maisha yake yote ya ndoa.

Wifi yangu Ionie alikuwa Rasta, tena Rasta wa kweli, si wale wanaofuga nywele kwa ajili ya watalii. Hakula kitu chochote kilichowahi kuwa na macho. Nyama, samaki, maziwa, mayai, hata chumvi ya dukani, vyote alivikataa kwa upole, bila kumhubiria mtu. Ajabu yake ni kwamba hakuacha kupika vyakula vyetu. Alivipika vyote, ila alimtoa mnyama. Mbuzi wa kari akawa fenesi bichi na viazi. Samaki wa siki na karoti akawa mbilingani. Wali wa mbaazi wa Jumapili ulikosa mkia wa nguruwe, lakini tui liliongezwa na pilipili mbuzi nzima ikaachwa ielee juu bila kupasuka. Sisi tulimcheka. Mama yetu, Bi Adina, ndiye aliyemcheka kuliko wote. Aliwahi kumuuliza Lascelles mbele ya wageni kama mkewe ameolewa au amefungua banda la sungura.

Lascelles mwenyewe hakuwa Rasta. Alikuwa mchoma mkaa, na mchoma mkaa hashibi kwa mapenzi peke yake. Kila Ijumaa jioni alipitia kwangu akitoka kwenye tanuru lake, nikampakulia vibua, akala amesimama karibu na mlango huku akichungulia njiani. Akimaliza alitafuna majani ya mnanaa, akajisugua ndimu mikononi, akaenda nyumbani na uso wa mtakatifu. Ionie alimpokea mlangoni, akavuta pumzi mara moja, kisha akamuuliza swali moja tu, "Wifi Valrie hajambo?" Lascelles alijibu kwamba hajambo, na habari iliishia hapo. Miaka yote waliyoishi pamoja, sikusikia hata siku moja kwamba Ionie amemwambia zaidi ya hayo.

Sasa niseme habari za chungu, kwa sababu bila chungu hakuna kisa.

Mama alikuwa na chungu cha udongo alichokinunua Spanish Town alipoolewa. Kilikuwa kipana, kizito, cheusi kwa nje, na kwa ndani kilikuwa na rangi ya kahawia inayong'aa kwa mafuta ya nazi. Humo ndimo alimopika randauni yake tangu kabla sijazaliwa. Sisi tulikulia kwenye chungu hicho. Nilijua kwamba Mama akifa kitakuwa changu, maana mimi ndiye binti pekee, na nilishakitafutia mahali pa kukaa jikoni kwangu.

Mama alipokuwa kitandani, amebakiza siku chache, alituita sisi wawili, mimi na Ionie. Lascelles alikuwa msituni na mkaa wake. Mama akaagiza chungu kiletwe. Nikakileta mimi mwenyewe, nimekikumbatia kama kimeshakuwa changu, naye akaniambia nimpe Ionie.

"Usinitazame hivyo, Valrie," alisema. "Wewe una masufuria yako ya kung'aa."

Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Nilidhani homa imempanda kichwani, au ameamua kunifanyia dhihaka ya mwisho, maana kila mtu alijua kwamba Rasta hapiki kwenye chombo kilichowahi kugusa nyama wala samaki. Ionie naye alikuwa amesimama palepale, chungu kifuani, kama aliyepewa mtoto wa watu amshike.

"Hicho kimeshiba samaki tangu ujana wangu," Mama alimwambia. "Najua sheria yenu. Utaweza?"

Ionie alitia mkono ndani ya chungu, akapapasa sakafu yake taratibu, kisha akaunusa mkono.

"Nitakilisha vyangu pole pole, Mama," alisema, "mpaka kisahau."

Mama akacheka. Katika miaka yote niliyowaona pamoja, hiyo ndiyo mara ya kwanza alipocheka na Ionie badala ya kumcheka. "Kikisahau," akasema, "mwanangu atakukimbia."

Baada ya mazishi, Lascelles alimwambia mkewe kwamba atakichoma chungu tanuruni, kipate moto mpaka kiwe chekundu, kitoke kisafi kama siku kilipofinyangwa. Ionie alimwambia asihangaike, amekwisha kukisafisha. Lascelles aliamini. Kwa nini asiamini? Yule mwanamke hakuwahi kumdanganya kwa jambo lolote.

Mimi nilikwenda kwao siku ya kwanza Ionie alipopika humo, na ninakiri nilikwenda nikitafuta la kulaumu. Alikuwa amechambua fenesi bichi nyuzinyuzi, akaliloweka kwenye ndimu, akakuna nazi, akatia nyanya, kitunguu cha majani, thaimu na pilipili mbuzi, akaliacha tui lichemke mpaka likatike. Hakutia chumvi hata punje. Nikatia tonge mdomoni nikiwa nimeshaandaa maneno yangu, na maneno yakanipotea. Mama alikuwa mle. Nyuma ya nazi, nyuma ya fenesi, mbali kidogo, palikuwa na chumvi ambayo hakuna aliyeitia na samaki ambaye hakuna aliyempika. Hakikuwa chakula cha Mama. Kilikuwa cha Ionie kabisa, lakini Mama alikuwa amekaa kwenye kona yake akitutazama. Machozi yalinitoka. Nikainua uso nikamtazama Ionie, naye akanitazama, na wote wawili tukajua kwamba chungu hakijawahi kusafishwa kwa moto.

"Kula, wifi," alisema. "Kitapoa."

Tangu siku hiyo sikumwonea tena kijicho cha chungu. Lascelles alikuwa akilamba sahani na kulalamika kwa wakati mmoja. Alisema fenesi ni fenesi tu hata ulivishe suti, kisha anaomba kuongezwa. Hakujua anachokila. Marasta wenzake Ionie nao walikuja wakala wakasifu, nao hawakujua. Siri hiyo aliibeba peke yake, pamoja na mimi, na hatukuizungumza kamwe.

Ionie alifariki Oktoba, mvua zikiwa zimetukalia vichwani. Aliumwa kifua kwa muda mfupi tu. Nyumba ilijaa watu, na usiku wa tisa wa msiba, kama ilivyo desturi yetu, waliimba na kucheza domino mpaka asubuhi, na watu wa namna hiyo wanataka kula. Binamu yetu Pansy alikuwa ametoka Kingston kuja kusaidia. Pansy ana mikono myepesi na kichwa chepesi zaidi. Alipoona masufuria yote yako motoni, akakichukua chungu cha Ionie kwenye rafu akakijaza vibua. Lascelles aligundua alipowekewa sahani mbele yake.

Tulimsema Pansy mpaka akalia. "Watu wana njaa, chungu kimekaa bure," alijitetea. "Mlitaka nipikie kwenye kofia?"

Lascelles aliisukuma sahani, na tangu siku hiyo hakutia samaki mdomoni. Ijumaa nilimpakulia, hakutokea. Nilipomfuata kumuuliza, akaniambia kwamba alimuibia Ionie kila Ijumaa alipokuwa hai, na sasa amekufa hatamuibia tena. Atakula alichokuwa akila yeye, kwa namna ile ile. Nilimwona mdogo wangu amekondeana, shati linapepea, nikamhurumia kwa kweli. Nikamwambia ni vizuri.

Kisha mimi nikaenda May Pen kwa binti yangu aliyekuwa amejifungua. Niliporudi, Lascelles alinipokea na tabasamu la kwanza tangu msiba, akanishika mkono, akanipeleka jikoni. Chungu kilikuwa juu ya meza. Kilikuwa cheupe. Sijui niseme vipi. Kilikuwa na rangi ya udongo mkavu, ndani na nje, hakina doa, hakina mng'ao, na ukikigonga kinalia kama kipya.

Alikuwa amekichoma. Alikipangia magogo ya mti mgumu, akakifunika kwa makumbi ya nazi na udongo, kama anavyofanya mkaa, akakikeshea mpaka kikawa chekundu, akakiacha kipoe ndani ya majivu bila kukifunua mapema kisije kikapasuka. Kazi safi. Hakuna mtu mwingine Portland nzima ambaye angeifanya bila kukivunja.

"Uchafu wa Pansy umetoka," aliniambia. "Sasa kiko kama Ionie alivyokiacha alipokisafisha. Nitapika chakula chake humu."

Nilikaa chini. Nilisema ni magoti.

Hapo ndipo zilipoanza zile Jumamosi. Alipika akashindwa, akapika akashindwa. Alibadilisha mfenesi, akachuma kwa jirani. Alichoma nazi kabla ya kuikuna. Alikwenda soko la Port Antonio akawauliza wauza mboga wa kike Ionie alikuwa akinunua nini, wakamtania kwamba mwanamume akitafuta mapishi amepata mke mpya anayemringia. Akarudi na thaimu mkono mzima. Usiku, aliniambia, alikuwa akilala akijaribu kukumbuka ile ladha, anaikaribia, halafu inamtoka. Sura ya Ionie alikuwa nayo kwenye picha. Sauti yake ilikuwa kwenye simu ya mtoto wa jirani, anaimba. Ladha ndiyo pekee haikuwekwa popote, na hiyo ndiyo aliyoitaka.

Na alikuwa na siku ya mwisho ya kuipata. Sisi hatumziki mtu tukamaliza hapo hapo. Mwaka ukizunguka, udongo ukishatulia, tunalijengea kaburi kwa saruji, watu wanaitwa na kulishwa, na baada ya hapo marehemu anaachwa apumzike. Lascelles alikuwa ameapa kwamba siku ya kumjengea Ionie, watu watakula randauni yake Ionie, ile ile. Wale waliomcheka na waliomsifu, wote. Ndivyo atakavyomuaga.

Ningeweza kumwambia ukweli. Nilijaribu zaidi ya mara moja, nikafungua mdomo, nikauliza habari za mvua. Ukimwambia mtu kwamba alichokuwa akikililia kilikuwa ndani ya kile chungu, na kwamba aliyekitoa ni yeye kwa mikono yake, kwa mapenzi, na kwa ustadi wake wote, umemfanya nini? Na tena ningekuwa nimemvua nguo Ionie kaburini. Angejua kwamba mkewe, ambaye hakugusa hata jibini, alimpikia humo akijua, na kwamba alimdanganya mara moja katika maisha yake, kuhusu kukisafisha chungu.

Lakini palikuwa na njia nyingine, na shetani, au Mama, alininong'oneza.

Asubuhi, siku moja kabla ya siku ya kaburi, Lascelles na mafundi walikuwa nyuma ya nyumba wakikoroga saruji, pale karibu na mshelisheli alipolala Mama na alipolala Ionie. Mimi nilishuka na kapu langu. Ndani mlikuwa na vibua nilivyoviloweka. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nitie tui chunguni, nitie samaki, viive mpaka tui likatike, udongo unywe. Kisha niviondoe nikioshe kwa ndimu na kukirudisha mahali pake. Jioni atapika, ataonja, na atadhani hatimaye mkono wake umepata. Ningempa mkewe kwa siku moja. Na ningepata Mama, hilo nalo nisilifiche.

Nilikuwa nimeshawasha moto, chungu kiko juu ya mafiga, tui linaanza kutoa vijipovu pembeni. Kibua cha kwanza kilikuwa mkononi mwangu, kinanidondoka maji kwenye kiwiko, nami sikukitia. Nilikuwa nikiukumbuka mkono wa Ionie ukipapasa ndani ya chungu. Lascelles akaingia kuchukua maji ya kunywa ya mafundi.

Alitazama samaki. Akatazama chungu. Alikuwa na saruji mpaka kwenye nyusi.

"Valrie," alisema, bila "dada". "Hicho ni nini?"

"Kibua."

"Hicho ninakiona. Nakuuliza, unafanya nini na kibua juu ya chungu cha mke wangu?"

Ningeweza kusema nimechanganyikiwa, uzee. Nikamwambia yote. Nilimwambia nikiwa nimeshika samaki, sikupata hata akili ya kumweka chini. Nilimwambia alichosema Mama, na alichojibu Ionie, na sahani ile ya kwanza. Nilimwambia kwamba fenesi lake lilikuwa tamu kwa sababu udongo ulikuwa umemweka Mama ndani, na kwamba Ionie alimwacha akae.

"Aliniambia alikisafisha," Lascelles alisema.

"Alikiosha kwa maji na ndimu. Basi."

"Kwa nini hakunipa nikichome? Nilimwambia nitakichoma."

"Wewe ulikuwa ukija kwangu kila Ijumaa kufuata nini?"

Nikamwambia kwamba Ionie alijua anakuja kufuata chakula cha mama yake. Hakuweza kumpikia samaki, dini yake haikumruhusu na moyo wake haukutaka, lakini aliweza kukiacha chungu kama kilivyo. Alitoa alichoweza kutoa.

Lascelles alivuta kigoda akaketi. Tui lilikuwa likichemka sasa, hakuna aliyelikoroga.

"Alisema atakilisha mpaka kisahau," alirudia, polepole, kama anayejifunza kusoma. "Miaka yote hiyo, hakikusahau."

"Hakikusahau."

"Mimi nimekisahaulisha kwa siku moja."

Aliinama akafunika uso kwa mikono yake yenye saruji, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilimwekea mkono mgongoni, ule usio na samaki. Nilimlilia Ionie, nikamlilia Mama, nikajililia mimi mwenyewe maana hata mimi nilikuwa nimewapoteza wote wawili mle ndani na sikuwa na mtu wa kumwambia. Mafundi walikuwa wakiita maji. Hakuna aliyewapelekea.

Alipotulia nikamuuliza, kwa sababu lilihitaji kuulizwa, kama nitie samaki. Bado palikuwa na muda.

"Nikionja nitampata nani?" aliniuliza.

Kuhusu ladha yenyewe sijawahi kumdanganya. "Utampata Mama kidogo," nilimwambia. "Ionie hutampata. Ionie alikuwa ile miaka aliyokilisha."

Akachukua kibua mkononi mwangu, akakirudisha kapuni, akalifunika kapu. Kisha akaenda kukuna nazi nyingine, kwa sababu ile iliyokuwa motoni ilikuwa imeshaungua.

Siku ya pili watu walikuja wakajaa. Kaburi lilikuwa limepakwa chokaa, jina limeandikwa kwa msumari kabla saruji haijakauka. Lascelles alipakua mwenyewe. Watu walikula kwa adabu. Pansy alionja akaanza kutazama mezani huku na huku akitafuta chumvi, nikamkanyaga mguu. Mzee mmoja wa Kirasta, mwenzake Ionie, alisema chakula ni kizuri, ila cha dada Ionie kilikuwa na kitu.

"Ndiyo," Lascelles alimjibu. "Kilikuwa nacho. Hiki ni changu mimi. Cha Ionie kimekwisha."

Alisema vile bila kutetemeka, akaenda kumpakulia mwingine.

Ijumaa iliyofuata, jioni, nilisikia hatua zake mlangoni kwangu. Nilidhani ameshindwa na nadhiri yake, na nisiseme uongo, nilifurahi, nikainuka kutafuta vibua. Lakini alikuwa amebeba chungu kifuani. Akakiweka juu ya meza yangu, pale pale nilipokuwa nimekitengea mahali zamani.

"Kilikuwa chako tangu mwanzo," alisema. "Mimi nikikiona nyumbani silali."

Ndivyo nilivyokipata chungu cha Mama, baada ya kukitamani nusu ya maisha yangu, na ndani hamna Mama. Nilikipapasa sakafu nikajinusa mkono. Kilinuka vumbi.

Ni changu na mimi ninakula samaki. Ningeweza kukilisha vibua kuanzia siku hiyo, na nikijaliwa umri pengine Mama angerudi kidogo. Lakini vibua ninavipika kwenye masufuria yangu ya kung'aa. Katika chungu kile ninapika fenesi, kila Ijumaa, kwa tui, ndimu na pilipili mbuzi, bila chumvi, kama nilivyomwona wifi yangu akifanya. Lascelles anapitia. Siku hizi anakaa mezani, hasimami tena mlangoni. Anaonja tonge la kwanza akiwa amefumba macho, nami ndiye ninayesimama na mwiko.

"Kimekumbuka?" namuuliza.

"Bado," anasema, na anaomba kuongezwa.

Ijumaa iliyopita alichelewa kuondoka. Alikuwa amesimama kizingitini na kofia mkononi, harufu ya nazi imemjaa kwenye shati, akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Akifika nyumbani, alisema, huwa anasimama kwanza pale mlangoni, nje, kidogo, akingoja kuulizwa kama Wifi Valrie hajambo. Hakuna anayeuliza. Yeye hujibu hivyo hivyo.

"Unajibu nini?"

"Namwambia hujambo," alisema Lascelles, akivaa kofia. "Namwambia unapika vibaya kuliko yeye, lakini unajitahidi."